Leza ya Darubini Nayo Hupimwa

Doa jekundu la leza lina ushawishi wake. Unaichomeka leza kwenye darubini, unabonyeza swichi, na kule chini ya bomba, juu ya kioo kikubwa, linatokea doa dogo, kali, lililotulia. Anayeliona anaamini kazi imekwisha: doa likiwa katikati vioo vimekaa sawa, lisipokuwa katikati zungusha skrubu mpaka lifike. Nimekaa na darubini ya shule hapa Kigoma kwa miaka kadhaa sasa, na ninachoweza kusema ni kwamba doa linaweza kuwa kali na kutulia hivyohivyo huku likikupeleka pembeni. Leza haijui mhimili wa darubini uko wapi. Inamulika kule ilikofungwa kumulika, basi.

Darubini yetu ni ya vioo viwili, ya mtindo ambao Isaac Newton aliutengeneza mwaka 1668. Chini ya bomba kuna kioo kikubwa kilichobonyea, kipenyo chake milimita 200, kinachokusanya mwanga na kuurudisha juu. Karibu na mdomo wa bomba kuna kioo kidogo bapa kilicholazwa nyuzi 45, kinachouchepusha mwanga utokee ubavuni, kwenye mrija unaochomekwa lenzi ya jicho. Kutoka kioo kikubwa hadi pale taswira inapojiunda, yaani kwenye fokasi, ni milimita 1,200. Vioo vyote viwili vimeshikwa kwa skrubu za kurekebishia, na darubini inayobebwa na wanafunzi kutoka stoo hadi uwanjani haiwezi kubaki ilivyopangwa wiki iliyopita.

Kuvilinganisha vioo kuna hatua mbili. Kwanza kioo kidogo huinamishwa mpaka mhimili wa mrija uangukie katikati kabisa ya kioo kikubwa, pale palipobandikwa pete ndogo ya karatasi, zile pete za kuimarishia matundu ya karatasi za faili. Kisha kioo kikubwa huinamishwa mpaka mhimili wake nao upite katikati ya mrija. Leza inazifanya hatua zote mbili kwa mwale mmoja: unashuka, unagonga pete, unarudi juu, na kuangukia kwenye kibao cheupe kilicholazwa mshazari ubavuni mwa leza, chenye tundu katikati. Mwale ukirudi kwenye tundu ulikotokea, umemaliza.

Umemaliza, kama leza yenyewe imenyooka ndani ya ganda lake.

Yetu tuliinunua mtandaoni. Ni ya bei ya chini, ganda la alumini, betri ya kidonge ya CR2032. Karatasi iliyokuja nayo ilisema imelinganishwa kiwandani. Sikuwa na sababu ya kubisha wala ya kukubali. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na mzigo kwenye buti la basi haulali usingizi.

Kilichonisumbua ni kwamba sikuona pa kuanzia. Kujua kama leza ni sahihi kunahitaji darubini iliyolinganishwa vizuri, na kuilinganisha darubini vizuri kunahitaji leza sahihi. Wenzetu walioko kwenye miji mikubwa ya nje huazima kifaa cha pili kwa jirani wakalinganisha. Huku kwetu, kifaa cha pili ni kile utakachokitengeneza mwenyewe.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja seremala wa Ujiji, ambaye shule humwita madawati yanapolegea. Sote tunamwita Babu. Alinikuta barazani nikiwa na leza mkononi, nikaamkia, akaitikia, akataka kujua hiyo taa ni ya nini. Nikamweleza.

"Kwa hiyo hii ni ya kupimia."

"Ndiyo, Babu."

"Na yenyewe umeipimia nini?"

Nikamwambia ndilo tatizo langu. Hakujibu. Alichukua pimamaji yake kwenye kikapu, akailaza juu ya dawati alilokuwa akilitengeneza, akanionyesha povu lilipokaa. Halafu akaigeuza, mwisho wa kushoto ukawa kulia, akailaza palepale.

"Dawati halijaguswa," akasema. "Povu likibaki upande uleule wa dawati, dawati limeinama. Povu likihama na pimamaji, ubovu uko kwenye pimamaji. Mimi sina pimamaji ya kupimia pimamaji, Mwalimu. Naigeuza tu."

Huo ndio ufunguo wa jambo zima, na sijawahi kuukuta umeelezwa kwa uwazi kiasi hicho katika maandishi yoyote ya darubini niliyosoma. Kifaa hupimwa kwa kukigeuza juu ya mhimili wake. Kosa linalozunguka pamoja na kifaa ni la kifaa. Kosa linalobaki palepale ni la kitu kingine. Huhitaji kifaa bora zaidi ya ulicho nacho.

Leza basi inatakiwa kuzungushwa, na inatakiwa izunguke bila kuyumba. Babu alichukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye kazi nyingine, akakichonga mfereji wa umbo la V urefu wa shubiri moja, akaupitishia msasa. Uzuri wa mfereji wa V ni kwamba hauhitaji kuwa na pembe sahihi. Unaweza kuwa nyuzi 90 au 80, upande mmoja ukawa mwinuko kuliko mwingine, na kitu cha mviringo bado kitakaa kwenye mistari miwili ileile kila unapokizungusha. Kinachotakiwa ni mfereji unyooke na kitu chenyewe kiwe mviringo kweli. Mninga ulichaguliwa kwa kuwa ni mgumu na haujikunji hovyo; ukikosa, misumari minne iliyopigwa mshazari kwenye ubao, miwili mbele na miwili nyuma, nayo inafanya kazi.

Hapa kuna jambo linalopuuzwa na wengi. Leza nyingi zina vipenyo viwili: shingo nyembamba ya milimita 31.75, yaani inchi moja na robo, inayoingia kwenye mrija, na mwili mnene zaidi nyuma yake wenye betri na swichi. Mwili huo mnene unavutia kulazwa kwenye mfereji kwa kuwa ni mrefu na unatulia. Usiulaze. Hakuna aliyekuhakikishia kwamba mwili na shingo vina mhimili mmoja, na darubini inaishika shingo, haiushiki mwili. Yetu tuliilaza shingo peke yake, urefu wake milimita 30 tu, mwili ukaning'inia hewani nje ya kibao, na mwanafunzi mmoja akaibonyeza shingo taratibu kwa kidole ili isiinuke. Shingo hiyo ina pia mfereji uliochongwa kuizunguka, wa kuzuia kifaa kisichomoke. Tulihakikisha kingo za mfereji huo hazikai kwenye mwisho wa kibao. Mbele yake tulipiga msumari wa kuizuia isiteleze kwenda mbele wakati inazungushwa.

Kibao kilifungwa kwa kleme juu ya meza ndani ya bwalo, na ukuta wa pili ulikuwa mita 10 mbele, tumeubandika karatasi nyeupe. Swichi ikawashwa, doa likatua karibu na usawa wa macho. Kidato cha tatu walikuwa wamejaa nyuma yangu, na nilishawapanga wote nyuma ya meza kabla ya kuwasha. Lebo ya leza ilisema nguvu yake ni chini ya miliwati 1, lakini lebo ya kifaa cha bei rahisi siiamini kwa macho ya mtoto wa mtu. Hakuna kusimama mbele, hakuna kuchungulia ndani ya tundu, hakuna kumulika angani.

Nikaanza kuzungusha. Doa likaondoka pale lilipo, likapanda kushoto, likavuka juu, likashuka kulia, likarudi. Mwanafunzi aliyekuwa ukutani kwa pembeni akilifuata kwa penseli aliacha mduara unaoonekana wazi. Kipenyo chake kilikuwa sentimita 11.

Darasa lilishangilia, nadhani kwa sababu ya mduara wenyewe. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Kosa la leza si kipenyo, ni nusu yake, kwa sababu kwenye kipenyo unaona kosa likitazama upande mmoja na kisha upande wa pili. Ni vilevile kwenye pimamaji ya Babu: ukiigeuza, tofauti unayoiona ni mara mbili ya ubovu wake. Nusu ya sentimita 11 ni milimita 55, kwa mita 10, maana yake leza inakosea milimita 5.5 kwa kila mita. Ndani ya darubini yetu yenye safari ya mita 1.2 kutoka mrija hadi kioo kikubwa, ni milimita 6.6. Pete yetu ya karatasi ina kipenyo kisichozidi milimita 15. Doa lilikuwa linaweza kutua ukingoni mwa pete upande huu au upande wa pili, kutegemea tu umeichomeka leza swichi ikiwa imeelekea juu au chini.

Doa lenyewe halikuwa nukta. Leza hizi ndogo hutoa doa la mviringo wa yai, lina mikia, na yai hilo nalo huzunguka ukizungusha kifaa, jambo linaloleta ubishi wa wapi hasa pawekwe penseli. Tulitoboa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwa ncha ya sindano, tukaibandika mdomoni mwa leza. Doa likawa hafifu zaidi, lakini dogo, lenye duara hafifu kulizunguka, na ubishi ukaisha.

Marekebisho yako ubavuni mwa ganda: skrubu tatu ndogo zilizopangwa kulizunguka, vichwa vyake vimezibwa kwa gundi laini. Gundi hutolewa kwa sindano, taratibu, ufunguo mdogo wa aleni unaingia. Ndani, skrubu hizo tatu zinakishika kipande kinachotoa mwanga na kukisukuma huku au huko. Sheria ni moja: kabla ya kukaza moja, legeza iliyo upande wa pili. Ukikaza tu bila kulegeza, utakuta umekipinda kipande au umekata nyaya zake, na hapo hakuna tena cha kupima.

Lengo ni kulipeleka doa kwenye kitovu cha mduara, popote kitovu hicho kilipo ukutani. Hili linahitaji kurudiwa kwa wanafunzi, maana wote wanataka kulipeleka doa kwenye alama fulani waliyoichagua, kana kwamba ukuta una umuhimu. Ukuta hauna umuhimu wowote. Weka alama juu, kulia, chini na kushoto, tafuta katikati ya alama nne, sogeza doa hadi hapo, zungusha tena. Mduara unapungua. Weka alama tena. Mwanzoni unapungua haraka na unafurahi. Mwishoni, kila ukikaza skrubu ya mwisho doa linaruka kidogo, na uvumilivu ndio unaofanya kazi kuliko akili. Tulipofika mduara usiofika sentimita moja niliacha. Kwa umbali ule ni nusu milimita kwa mita, na kwenye kioo chetu ni milimita 0.6. Skrubu zikapakwa tone la rangi ya kucha zisilegee. Rangi ilitoka kwa mwalimu mwenzangu, si kwa wanafunzi, maana kwao ni marufuku.

Kwa nini niliacha hapo na nisitafute mduara wa milimita mbili? Kwa sababu darubini yenyewe ina kiwango chake cha kusamehe. Kioo cha aina hii hutoa taswira safi karibu na mhimili wake tu. Ukitoka pembeni, nyota huota mkia kama wa kimondo. Upana wa eneo safi hutegemea uwiano wa urefu wa fokasi na kipenyo cha kioo. Wa kwetu ni 1,200 kwa 200, yaani 6. Uwiano huo uuzidishe kwa wenyewe mara tatu, 6 mara 6 mara 6, kisha zidisha kwa 0.022, unapata takriban milimita 4.75. Hilo ndilo eneo safi kwenye fokasi, milimita 2.4 kila upande wa mhimili. Darubini ya uwiano wa 8 ina zaidi ya milimita 11, inasamehe karibu kila kitu. Ya uwiano wa 4 ina milimita 1.4 tu, na mwenye nayo hana budi kuwa mkali kuliko mimi.

Sasa unganisha na leza. Mwale ukilikosa kitovu cha kioo kikubwa kwa kiasi fulani, na wewe ukakiinamisha kioo hadi mwale urudi tunduni, mhimili wa kioo utapita pembeni ya fokasi kwa nusu ya kiasi hicho. Ile leza ilivyotoka kwenye boksi, kwa milimita 6.6, ingeuweka mhimili milimita 3.3 pembeni: nje ya eneo safi. Baada ya marekebisho, ni milimita 0.3, haionekani kwa jicho lolote. Ningeweza kukesha nikitafuta zaidi, na Jupita isingejua.

Pete ya karatasi nayo niliitilia shaka, kwa kuwa hakuna maana ya kulenga katikati ambayo si katikati. Tulikata duara la karatasi lenye kipenyo sawa na kioo, tukalikunja mara mbili, tukatoboa palipokutana mikunjo, tukalishikilia juu ya kioo bila kukigusa uso. Pete ilikuwa ndani ya tundu, haikosi hata milimita moja. Tukaendelea.

Nilidhani sehemu ngumu imepita, kumbe ilikuwa bado. Leza iliyotulia kwenye mninga iliwekwa kwenye darubini, kabana, yaani skrubu ndogo ya ubavuni mwa mrija inayoishika leza, kakakazwa, doa likatua kwenye pete. Nikalegeza kabana, nikakaza tena bila kuitoa leza. Doa likatua kwingine. Nikaitoa, nikairudisha: kwingine tena.

Hili kosa si la leza. Tundu la mrija ni kubwa kidogo kuliko shingo ya leza, lazima liwe hivyo, la sivyo isingeingia. Lakini nafasi ya moja ya tano ya milimita, ambayo huioni na kidole kinaisikia kwa tabu, kwenye shingo ya milimita 30 inaweza kuiinamisha leza karibu milimita 7 kwa kila mita. Ni zaidi ya lile kosa tulilotoka kulisafisha kwa jasho! Kabana ka upande mmoja kanaisukuma shingo upande wa pili, kila mara kwa mtindo wake.

Wanafunzi walilitenganisha hili vizuri kuliko nilivyotegemea. Walichora karatasi mbili. Ya kwanza iliandikwa "inazunguka", ina mduara mdogo wa kwenye kibao. Ya pili iliandikwa "inarukaruka", ina vidoti vilivyotawanyika bila mpango, kila kidoti ni mara moja ya kutoa na kurudisha. Ukiwa na karatasi ya kwanza tu utasema kifaa ni kizuri. Ukiwa na ya pili tu utailaumu leza na kuanza kuzichokonoa skrubu zake, na utakuwa unaiharibu. Watu wengi wanaolalamika kwamba leza yao "haishiki marekebisho" nadhani wanaishi kwenye karatasi ya pili.

Dawa ilikuwa seloteipu. Mizunguko michache ya utepe mwembamba kwenye shingo, mmoja karibu na mdomo na mwingine karibu na bega, mpaka leza iingie kwa kusukumwa kidogo na itoke kwa kuvutwa. Halafu leza husukumwa hadi bega likae kwenye ukingo wa mrija ndipo kabana kakazwe, kwa wepesi, vidole viwili. Vidoti vikakusanyika vyote ndani ya pete. Utepe unachakaa, unavuta vumbi, unabadilishwa. Sioni aibu nao.

Mabaki ya kutawanyika yalikuwa na chanzo kingine, ambacho tulikigundua bomba lilipoinuliwa. Doa lililokuwa katikati bomba likiwa limelala, lilisogea tulipolielekeza juu. Kioo kikubwa kina uzito wake, na kinakaa kwenye vishikizo vyenye nafasi. Tangu hapo tunalinganisha bomba likiwa limeinuliwa nyuzi 50 hivi, katikati ya pale tunapotazama mara nyingi, badala ya kulilaza mezani kwa urahisi wa mikono yetu.

Kuna njia ya kuikwepa nusu ya shida hizi, nayo ilielezwa na Mswidi Nils Olof Carlin mwaka 2003. Unaweka lenzi ya Barlow, yaani lenzi inayotawanya mwanga, mbele ya leza. Mwale hautui tena kama nukta. Unatanuka na kuimulika sehemu ya katikati ya kioo kikubwa, na pete ya karatasi inatupa kivuli chake kurudi juu. Ukiweka karatasi nyeupe yenye tundu dogo mdomoni mwa Barlow, utakiona kivuli cha pete juu yake, na kazi yako ni kukiinamisha kioo kikubwa mpaka kivuli kilizunguke tundu sawasawa. Kinachopendeza ni kwamba leza iliyoinama kidogo haidhuru: mwanga unaweza kutua kushoto au kulia ya kioo, maadamu umeifunika pete, kivuli kinarudi palepale. Tulijaribu. Tuliizungusha leza ndani ya Barlow, ung'avu ukahama upande, kivuli hakikuhama. Njia hii ni ya kioo kikubwa tu. Kioo kidogo bado kinahitaji doa, lakini kosa la hapo lina madhara madogo zaidi kwenye taswira, na leza yetu ya sasa inalitosheleza.

Hakimu wa mwisho ni nyota. Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani humwambia mtu aelekeze kwenye Nyota ya Kaskazini kwa kuwa haihami. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho yetu. Zetu zote zinakimbia. Kwa ukuzaji wa mara 120 nyota huvuka uwanja wote wa lenzi kwa chini ya dakika mbili, na kipimo ni halali ikiwa katikati tu, kwa sababu pembeni mkia upo hata vioo vikiwa sawa kabisa. Mmoja husukuma bomba, mwingine hutazama, na wanaosubiri hunung'unika.

Kwa hiyo mazoezi tuliyafanya mchana. Gololi ya beringi iliyosafishwa, imebandikwa kwenye kitambaa cheusi ng'ambo ya uwanja wa mpira, mita 60 hivi, jua likiwa mgongoni mwetu. Mng'ao wa jua kwenye gololi ni mdogo mno kwa umbali ule na unafanya kazi ya nyota isiyohama. Mrija unapaswa kutoka nje milimita 25 zaidi ya kawaida kwa sababu ya ukaribu, kwa hiyo angalia kama wako unafika. Ifanye asubuhi mapema, kabla ardhi haijapata moto na hewa kuanza kuchemka. Lenzi ikitolewa kidogo nje ya fokasi, nukta inakuwa duru ndani ya duru, na kivuli cha kioo kidogo katikati. Kivuli kikiwa kimesogea upande, vioo bado. Kivuli chetu kilikuwa katikati.

Usiku tulisubiri giza la mwezi. Wavuvi wa dagaa nao hulisubiri hilohilo, kwa kuwa taa zao huvuta samaki mwezi usipokuwepo, kwa hiyo usiku mzuri wa nyota hapa ni usiku ambao Ziwa Tanganyika lina mstari wa taa kutoka Kibirizi kwenda mbali. Wageni hudhani taa hizo zitatuharibia. Ziko chini, sisi tunatazama juu.

Nyota niliyoitaka ni Rigeli, kwa sababu inapita karibu kabisa na utosi wetu, ambako hewa ya kupenya ni chache kuliko popote. Ina nyota mwenza aliye umbali wa sekunde 9 hivi za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), hafifu zaidi ya mara 400 kuliko yenyewe. Vioo vikikaa vibaya, mng'ao wa Rigeli unatawanyika na kummeza. Mwezi Septemba inakuwa juu vya kutosha saa kumi na moja alfajiri, na wachache walioamka walikuja na blanketi. Kwa mara 120, hewa ikitulia kwa sekunde chache, alikuwepo: nukta ndogo, iliyojitenga, pembeni ya mwanga mweupe wa samawati. Wa kwanza kumwona alikuwa msichana aliyeshika penseli ukutani. Aliyemfuata alisema haoni kitu, akaambiwa asubiri, akasubiri, akapiga kelele.

Leza sasa inakaa kwenye kikopo chenye sifongo, kando ya kibao cha mninga. Kabla ya kila usiku wa kutazama, mwanafunzi mmoja anaichomeka kwenye mrija na kuizungusha mzunguko mmoja. Doa likibaki ndani ya tundu la pete, tunaendelea na kazi. Likitoka, inarudi kwenye kibao, na mwenye ufunguo wa aleni ni mimi.